Eti kansa ni ugonjwa wa mjini!

Wiki hii tuziweke pembeni kidogo stori za mapenzi na mitindo ya nywele. Nataka tuzungumze kitu ambacho kikitajwa kwenye mkusanyiko watu hushusha sauti na kutazamana: kansa. Usigeuze ukurasa! Kinakuhusu wewe mwenye miaka 22 kama kinavyomhusu bibi yako.

Hapa kwetu Nyasho, mjini Musoma, kila mtaa una daktari wake asiye na cheti. Ukisema tu kwamba fulani kaugua kansa, kabla watu hawajamaliza kusema "pole", bingwa keshadakia: "Maisha ya mjini hayo! Chipsi kila siku, soda, kuku wa kisasa, mikorogo usoni. Mbona bibi zetu kule kijijini wanafikisha miaka 90 kwa ugali wa mtama na mlenda, na kansa wanaisikia redioni tu?" Basi, watu wanatikisa vichwa, mjadala umefungwa.

Kijiwe cha jirani nacho kina bingwa wake, na huyo anaimba wimbo mwingine kabisa. Kwake yeye mjini hakuna noma. Balaa liko huko shamba, kwenye machimbo ya dhahabu na zebaki yake, kwenye dawa za kupulizia pamba, ndiyo maana Kanda ya Ziwa "inaongoza". Naye akimaliza, watu wanatikisa vichwa vilevile!

Wote wawili wanazungumza kama watu waliohesabu. Mimi niliishia kidato cha nne, na hesabu zenyewe nilikuwa naziona kama nyoka, lakini hata mimi najua kwamba ukitaka kusema hapa kuna wengi kuliko pale, lazima kwanza uwe umehesabu pote pawili. Na hapo, ndugu yangu, ndipo stori inapoanza.

NANI ANAHESABU?

Wagonjwa wa kansa hawahesabiwi kama magunia ya dagaa pale mwaloni. Ili mtu mmoja tu aingie kwenye hesabu, lazima mambo manne yatokee. Kwanza, atoke nyumbani aende hospitali. Pili, akutane na mganga mwenye kushuku. Tatu, kipande cha nyama kikatwe kwenye uvimbe, kipelekwe maabara, mtaalamu akitazame kwa darubini. Nne, awepo mtu wa kuandika umri wake, aina ya kansa na mahali anapoishi kwenye daftari maalumu, ambalo wataalamu wanaliita rejesta ya saratani.

Mnyororo huo ukikatika popote, mtu anaumwa, anakufa, anazikwa, lakini kwenye karatasi hakuwahi kuugua.

Sasa jiulize, hizo darubini na hayo madaftari yako wapi? Jibu unalo: mjini. Tazama majirani zetu wa Uganda. Rejesta yao ya Kampala ni miongoni mwa zile kongwe kabisa Afrika, ilianza miaka ya 1950. Eneo inalolihesabu ni kaunti ya Kyadondo, yaani jiji la Kampala na vitongoji vyake, watu ambao hospitali ya Mulago iko karibu nao. Na hata hiyo iliwahi kukatika. Nchi ilipoingia kwenye vurugu, kazi ya kuandika ilisimama kwa miaka kadhaa, ikaja kufufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Je, miaka ile watu wa Kampala hawakuugua kansa? Wapi! Kilicholala ni kalamu.

Kwetu Tanzania hali haikuwa tofauti. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanza kujitegemea mwaka 1996, kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mahali pekee pa kupata tiba ya mionzi nchi nzima, na iko Dar es Salaam, ufukweni mwa bahari. Kutoka hapa Musoma ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mkulima wa Butiama au Bunda asiye na ndugu Dar, nauli hana, ataingiaje kwenye daftari la Ocean Road? Siku hizi Bugando pale Mwanza nao wanatoa mionzi, na safari imepungua hadi kilomita mia mbili na ushee. Afadhali. Lakini hata hizo mia mbili zinaanzia stendi, na stendi yenyewe iko mbali na vijiji.

Ndiyo maana hata takwimu kubwa za nchi ni makadirio. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikadiria kwamba mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000. Lilikadiria! Wataalamu wanachukua madaftari machache yaliyopo, wanapiga mahesabu, wanajazia pale ambapo hakuna aliyeandika.

MAMA MKUBWA AGEUKA MTU WA MJINI

Hayo ningeweza kuyaacha yabaki ya wataalamu, kama si mama yangu mkubwa.

Alikuwa mkulima, upande wa Butiama. Mihogo, mtama, mbuzi kadhaa, watoto saba. Damu ilianza kumtoka wakati hedhi ilikwisha kukoma miaka mingi. Akanyamaza. Mwanamke wa umri ule, mwenye wakwe na wajukuu, atasimama wapi aseme jambo kama hilo? Alikunywa mizizi. Zahanati moja ikampa vidonge vya maambukizi ya njia ya mkojo, akavimaliza, akapewa vingine. Alipokuja kumnong'oneza mama yangu, miezi ilikuwa imeshapita, na maumivu ya kiuno yalikuwa yanamnyima usingizi.

Akaja kwetu Nyasho, akawa analala chumba kimoja na mimi. Usiku nilimsikia akiuma kanga ili asinisumbue. Asubuhi moja mjomba na mimi tukampeleka hospitali. Pale dirishani karani akauliza bila kuinua kichwa: "Mgonjwa anakaa wapi?" Mjomba akajibu haraka: "Nyasho."

Uongo? Hapana. Jana yake alilala Nyasho, namba ya simu iliyotolewa ilikuwa ya Nyasho, na majibu yangefuatwa na mtu wa Nyasho. Karani akaandika. Mwanamke aliyeishi zaidi ya miaka 60 kijijini akageuka mtu wa mjini kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu.

Majibu yalikuja: kansa ya shingo ya kizazi, tena imeshasambaa. Tukaenda naye Mwanza, akapata tiba ya kupunguza maumivu na damu. Baada ya hapo akasema jambo moja tu, kwamba anataka kwake. Tukamrudisha. Alifia kwenye nyumba yake na akazikwa pembeni ya shamba lake la mihogo.

Kwenye matanga nilikaa jikoni na wanawake wa kijiji. Mmoja akaniambia taratibu kwamba jirani yao wa ng'ambo ya mto naye "alikwenda hivyohivyo", ila watu walisema amerogwa na mke mwenzake. Mwingine akamtaja mama mwingine tena, aliyesemekana ana "tumbo la uzazi". Hao wawili hawakufika hata kwenye dirisha la karani.

Basi piga hesabu na mimi. Kijiji kile kina wanawake watatu waliokufa kwa dalili zinazofanana. Kwenye karatasi, kijiji kina sifuri. Nyasho ina mmoja. Na yule bingwa wa mtaani alipokuja kutupa pole, akakohoa, akasema: "Mnaona sasa, maisha ya mjini haya..." Nilimwangalia tu.

Usidhani haya ni ya wanyonge peke yao. Mwana wa Mara aliye maarufu kuliko wote, Mwalimu Nyerere, alizaliwa Butiama mwaka 1922 na akazikwa Butiama, lakini kansa ya damu ilimwua akiwa katika hospitali ya St Thomas' jijini London, Oktoba 14, 1999. Ugonjwa huu unawahamisha watu. Unawatoa walikoishi, unawapeleka kwenye vitanda, na hesabu inabaki kwenye vitanda.

NA HIYO "KANDA YA ZIWA INAONGOZA"?

Maneno haya yamesemwa hadi bungeni, na si ya kupuuza. Ila tuyapime. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Ukijumlisha Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Shinyanga na Simiyu unapata zaidi ya milioni 16. Yaani katika kila Watanzania wanne, mmoja na zaidi kidogo ni wa huku kwetu. Kwa hiyo katika kila wagonjwa wanne tarajia mmoja wa Kanda ya Ziwa hata kama hakuna lolote la ajabu. Kinachotakiwa ni kujua wangapi wanaugua katika kila watu 100,000, na tena kulinganisha wazee kwa wazee na vijana kwa vijana, maana kansa nyingi hupenda umri mkubwa. Mji uliojaa vijana waliokuja kutafuta maisha hauwezi kulinganishwa kienyeji na kijiji walichobaki bibi na babu.

Na zebaki je? Zebaki ni sumu ya kweli, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, anayeishika kwa mikono mitupu anacheza na maisha yake. Lakini kusema ndiyo iliyoleta kansa zote za Kanda ya Ziwa kunahitaji ushahidi, na ushahidi unaanza na kuhesabu vijijini, kule machimbo yaliko. Tumerudi palepale!

TOFAUTI ZIPO, ILA ZINA SABABU ZAKE

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi mjini na kijijini ni sawasawa. Tofauti zipo, na stori nzuri kuliko zote inatuhusu sisi watu wa Mara.

Mwaka 1957, pale Mulago, daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya. Baadaye akakutana na wengine. Angeweza kukaa Kampala ahesabu wanaoletwa. Badala yake, mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari lililokwishatumika, wakazunguka maili zipatazo 10,000 wakishuka hadi kusini mwa Afrika, hospitali hadi hospitali, nyingi zikiwa za misheni huko porini, wakiuliza: watoto wa namna hii mnawaona? Jibu lilichora ramani. Kansa ile ilikuwa ya nyanda za chini, zenye joto na mvua, palepale malaria ilipokuwa imetamalaki. Milimani kwenye baridi haikuonekana. Mwaka 1964 watafiti wa London wakagundua kirusi ndani ya uvimbe ule, kirusi ambacho karibu kila mtu anacho, lakini kwa mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara kinaweza kuleta maafa.

Ndipo ikaja zamu yetu. Kati ya 1977 na 1982, huko Mara Kaskazini, eneo ambalo leo ni Tarime na Rorya, watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa vidonge vya klorokwini ili kuona kama malaria ikipungua kansa ya taya nayo itapungua. Hospitali ya Shirati ilikuwa katikati ya kazi hiyo. Kansa ilishuka hadi chini kabisa, kisha ugawaji ulipokoma ikapanda tena. Watafiti wenyewe walikuwa waungwana, wakasema ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya vidonge, na malaria nayo ilirudi juu wakati vidonge bado vinagawiwa, kwa hiyo hawawezi kuapa. Lakini wewe ona kilichofanyika: walihesabu kijijini, mwaka baada ya mwaka, na hesabu ikaanza kusema. Na tena, mzazi unayesoma, kansa hiyo ni moja ya zile zinazotibika kwa dawa mtoto akiwahishwa.

Vuka mpaka uende Bomet, Kenya. Ni kaunti ya mashamba, chai na ng'ombe. Hospitali ya misheni ya Tenwek imekuwa ikipokea wagonjwa wengi mno wa kansa ya koo la chakula, baadhi yao vijana kabisa. Wapi chipsi hapo? Wapi soda? Ukanda wote wa Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia hadi Malawi, una tatizo hilo, na wataalamu wanatazama mambo mengi kwa pamoja: tumbaku, pombe, lishe duni, moshi wa kuni, na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 lile shirika la Lyon lilisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia. Kwa hiyo ile chai ya kuunguza tunayoipigia misifa kwa mama lishe, mshikaji wangu, iache ipoe kidogo. Haina gharama!

Mjini nako kuna yake. Kansa ya matiti inapanda kadiri maisha yanavyobadilika: tunazaa kwa kuchelewa, tunazaa wachache, tunanyonyesha muda mfupi, tunanenepa, tunakunywa. Kule Kyadondo madaftari yanaonyesha kansa ya matiti na ya tezi dume zimepanda tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo bingwa wetu wa chipsi ana kipande cha ukweli mkononi. Kosa lake ni kudhani kipande ni mkate mzima.

KWA NINI NAKUSUMBUA NA HAYA

Kwa sababu imani kwamba kijijini hakuna kansa inaua. Mama wa kijijini anayeamini kansa ni ya wala chipsi hatakwenda kupimwa. Mganga wa zahanati anayeamini hivyo hatashuku. Na wakubwa wanaopanga wapi pa kupeleka mashine na wataalamu wakiona sifuri kwenye karatasi, kwa nini wapeleke?

Na kansa ya shingo ya kizazi, ambayo kwa wanawake wa Tanzania ndiyo inayoongoza, ina uzuri mmoja: kuigundua mapema hakuhitaji darubini. Muuguzi aliyefundishwa anapaka siki, ndiyo, siki hiihii ya kachumbari ila iliyopimwa kitaalamu, anasubiri dakika chache, anatazama. Pakigeuka weupe usio wa kawaida anajua pa kuanzia, na mabadiliko ya mwanzo yanaweza kutibiwa kabla hayajawa kansa. Kipimo hicho kinabebeka hadi kwenye zahanati ya mwisho barabarani. Walengwa wakubwa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, yaani mama zetu, shangazi zetu na dada zetu wakubwa. Na kwa wadogo ipo chanjo, iliyoanza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inaua uzazi ni uvumi tu.

Siku hizi Musoma tuna Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa. Huduma zikisogea, usishangae siku moja ukisikia redioni kwamba wagonjwa wa kansa Mara "wameongezeka". Usikimbie. Inawezekana ni taa tu imewashwa kwenye chumba kilichokuwa giza.

Sasa kazi yako, kijana wa mjini. Sisi ndio tunaopigiwa simu: "Tunakuja na mgonjwa, tupokee stendi." Sisi ndio tunaosimama dirishani. Ukiulizwa anakaa wapi, taja kijiji chake, kata yake na wilaya yake, kisha ndipo utoe namba yako ya simu. Na ukienda kusalimia kijijini, pamoja na sukari na kanga unayompelekea mama mkubwa, muulize pembeni, kwa heshima, kama kuna damu inayotoka isipotakiwa. Ataona haya. Nawe utaona haya. Muulize hivyohivyo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.